Binti Aliyesomwa Kaburini

Kwa miaka sita nimeandika hadithi za mambo ambayo hayajatokea, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeamini hata ukurasa mmoja. Nimeandika kuhusu mashine zinazochuma majani chai huku zikiimba nyimbo za kanisa. Nimeandika kuhusu mji ulio ndani ya mwezi, ambako Wakisii wamehamia na, kama kawaida yao, wakaanza kugombania mipaka kabla hata ya kupanda mboga. Baba mkubwa, aliyefundisha Kiswahili shule za msingi hadi akastaafu, aliisoma hiyo ya mwezi kwa kalamu nyekundu. Aliishia ukurasa wa pili. "Mwezini hakuna mvua," akasema. "Sasa shamba la nini?" Juu ya karatasi alikuwa ameniwekea alama, kumi na moja kwa arobaini, na mimi nina miaka thelathini na mitatu.

Kwetu ni Nyacheki. Huko, mwanamke wa umri wangu ambaye hajaolewa anasamehewa kama ni mwalimu au muuguzi. Mimi sikuwa na kisingizio. "Yule wa roboti," ndivyo walivyoniita, na wakinikuta njiani wananiuliza kama roboti wangu wamefika kidato cha nne. Wanacheka wenyewe, kila mara, utani uleule. Nilivumilia kwa kuwadharau, na dharau ni chakula kizuri kwa mtu ambaye hana kingine.

Msidhani waandishi wenzangu walikuwa afadhali. Tulikuwa na kikundi chetu mjini Kisii, watu saba katika chumba cha nyuma cha hoteli moja, kila mmoja akisubiri mwenzake anyamaze ili asome chake. Mmoja alikuwa ameandika sura ya kwanza ya riwaya kwa miaka minne na aliisoma upya kila tulipokutana, ikiwa na koma mpya. Mwingine alinishauri niwaondoe roboti niweke mizimu, kwa sababu wageni hupenda mizimu. Niliacha kwenda. Niseme kweli pia kwamba nilikuwa nimechapishwa, mara moja, katika jarida la mtandaoni lililokufa baada ya toleo hilohilo. Nilimwonyesha mama ile hadithi kwenye simu. Aliishika simu kwa heshima, akaitazama, akauliza picha yangu iko wapi.

Basi nikala kwa kazi nyingine. Nilikuwa nikifanya kazi katika duka la kuchapisha pale mjini Kisii, karibu na msikiti, na kazi yetu kubwa ilikuwa vitabu vya matanga: picha ya marehemu mbele, ratiba ya ibada, halafu wasifu. Mwenye duka ni Mwislamu. Babu yake alikuja mjini hapa kuuza nguo na hakurudi alikotoka. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wangu pekee, tena alisoma akiwa amesimama, karatasi mkononi, huku akimpigia mteja hesabu. "Binti," aliwahi kuniambia, "huyu roboti wako anaomba ruhusa kila anachofanya. Ni roboti au ni mke mdogo?" Nilikasirika siku nzima, halafu nikarekebisha.

Alizishangaa sana tanzia zetu. "Sisi mtu akifa alfajiri, adhuhuri tumeshamzika. Sifa zake anazijua Mola. Ninyi mnamweka wiki mbili mkimtungia." Alisema kweli. Mimi niliyeandika mji ndani ya mwezi sikuwahi kutunga uongo wa kufikia ule. Mlevi aliandikwa kuwa alipenda watu. Aliyempiga mkewe mpaka majirani wakazoea aliandikwa kuwa alikuwa na msimamo. Aliyekaa sokoni Nyamache tangu amalize shule, mikono mfukoni, alikuwa mshauri wa vijana. Watu walilia, wakasema amina, wakala wali.

Kazi hiyo niliidharau hata sikuona haja ya kuifanya. Katika kompyuta nilikuwa na folda tatu: Mzee, Mama, Kijana. Akifa mzee wa Itumbe, ninafungua faili ya mzee aliyetangulia, ninabadilisha jina, kijiji, kanisa, idadi ya watoto na ugonjwa, ninaichapa. Dakika ishirini. Hakuna hata mmoja aliyelalamika, kwa sababu katika matanga yetu watu husikiliza jina lao tu. Likisomwa wanaridhika, lisiposomwa ni vita.

Mwaka jana akafa baba mdogo, ndugu yake baba yangu. Alikuwa mtu mnyamavu, mkulima wa chai, mzee wa kanisa la Wasabato, mwenye mke mmoja na wana wawili wanaofanya kazi Nairobi. Baba mkubwa, kama kaka wa marehemu, akatoa amri: wasifu uwe wa Kiswahili sanifu, na uandikwe na "yule wa roboti", angalau elimu yangu ifae kitu. Taarifa nilitumiwa kwa simu. Na siku ile ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupeleka hadithi kwa jarida moja nililolitamani mno. Niliipa hadithi yangu asubuhi nzima na sehemu kubwa ya alasiri. Mhusika wangu mkuu, mwanamke anayezaliwa upya kila mvua za masika, nilimtafutia sauti, mwendo, namna ya kushika kikombe. Baba mdogo nilimpa zile dakika ishirini.

"Umesoma tena?" mwenye duka akaniuliza kabla ya kuwasha mashine.

"Nimesoma."

Sikuwa nimesoma. Akachapa nakala mia mbili.

Alizikwa Alhamisi. Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyesoma, kwa ile sauti yake ya darasani, kaburi liko wazi, mama mdogo, mke wa marehemu, amekaa kwenye kiti kando ya jeneza na kitambaa cheusi kichwani. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake wa kupika, nikiwaza hadithi yangu. Akafika mahali pa familia. "Ameacha mjane mpole, wana wawili, pamoja na kitinda mimba wake, binti aishiye ughaibuni, ambaye moyo wake uko nasi ingawa macho yetu hayamwoni."

Akainua miwani. Halafu akaisoma mara ya pili, polepole, kama mwalimu anayetoa imla.

Sentensi hiyo naifahamu. Niliitunga mimi, kwa ajili ya mzee wa Itumbe, ambaye kweli alikuwa na binti ng'ambo. Niliipenda kiasi kwamba ilipobaki palepale sikuiona. Sasa nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi, watu mia kadhaa wamegeuka kumtazama mama mdogo, na yeye hakugeuza shingo. Alitazama mbele tu. Mchungaji akakohoa, wimbo ukaanzishwa.

Ningesema pale pale. Haya, niulizeni kwa nini sikusema. Niliogopa. Nikajiambia ni jambo dogo, watu watasahau kabla ya chai.

Hawakusahau. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wameshampata mama wa yule binti: mwanamke aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha chai kule Itumbe, mweupe, mwenye mwanya. Mmoja alikumbuka kumwona baba mdogo akishuka huko na mkungu wa ndizi begani. Mkungu wote wa nini, kama si wa kupelekea mtu? Mwingine alikuwa na hakika kwamba binti yuko Ujerumani na anafanana na marehemu paji la uso. Watu waliokataa hadithi zangu kwa sababu mvua ya mwezini haipo sasa walikuwa wanajua rangi ya koti la mtoto ambaye hayupo. Jarida nalo likanijibu wiki hiyohiyo. Walishukuru, walisifu lugha, wakasema kwa bahati mbaya mhusika wangu mkuu haaminiki. Nilisoma barua hiyo nikiwa nimeegemea mashine ya kuchapisha, nikacheka mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Kilichonikata kicheko ni mama yangu. Alinipigia akasema mama mdogo haendi tena kanisani. Ameigeuza picha ya mumewe, uso umeelekea ukutani. Na kipande cha chai cha barabarani amekiacha, hachumi, kwa kuwa baba mkubwa amemwambia asikiguse.

Hicho kipande niwaeleze. Ndicho bora katika shamba lote la baba mdogo, kiko karibu na kituo cha kununulia majani, mtu anatoka na kikapu chake anafika bila kupanda mlima. Mama mdogo ndiye aliyekipanda, mche kwa mche, akiwa bado bi harusi, na ndicho kilichosomesha wale wana wawili. Baba mkubwa amepakana nacho. Amekitamani tangu nikiwa mtoto. Wakati wa uhai wa mdogo wake hakuwa na njia, na sasa mimi, mtaalamu wa kubuni, nilikuwa nimemtengenezea. Alitangaza kwamba binti wa marehemu ana haki yake, kwamba Katiba ya Kenya haibagui mtoto wa kike na wa kiume, na kwamba yeye kama mkubwa wa ukoo atamshikilia kipande hicho mpaka siku atakapofika. Huyu ndiye baba mkubwa mwenye mabinti wanne ambao hakuna aliyepewa hata mche wa kusimama kivulini mwake. Katiba aliipenda kwa ghafla, kama mzee anayepata mke mpya.

Nikamweleza mwenye duka kila kitu. "Mdharau mwiba, guu huota tende," akasema. "Nenda ukaseme. Uchukue na ushahidi."

Nikachukua kile kitabu cha mzee wa Itumbe, ambacho tulibaki na nakala yake, nikaenda kwenye kikao cha familia kilichoitwa kugawa shamba. Viti vya plastiki vilipangwa mbele ya nyumba ya mama mdogo, wazee mbele, wanawake kwenye nyasi. Wale wana wawili walikuwa wameinamia simu zao kwa aibu ya baba yao. Mama mdogo alikaa peke yake mlangoni, anachambua mboga kwenye ungo. Baba mkubwa aliomba, akafungua mjadala, akafika kwenye Katiba. Nikasimama.

"Binti huyo hayupo," nikasema. "Hajawahi kuwepo. Ni makosa yangu. Nilichukua wasifu wa mtu mwingine nikabadilisha jina, nikasahau kufuta. Sentensi yenyewe hii hapa." Nikampa kitabu.

Alivaa miwani akasoma yote, bila haraka, hata ratiba ya nyimbo. "Kwa hiyo mzee wa Itumbe naye alikuwa na binti ughaibuni," akasema. "Sasa? Siku hizi nani hana binti ughaibuni?"

Wazee wakamwitikia kwa vichwa. Nikaanza kueleza upya habari ya faili, ya kunakili, nikisikia sauti yangu inavyopanda. Mzee mmoja akauliza kama kompyuta inaweza kumzalia mtu mtoto. Wakacheka.

"Mwanangu, keti," baba mkubwa akasema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Kwetu mwenye neno hulisema kabla udongo haujaingia kaburini. Lilisomwa mara mbili, mchungaji yuko, chifu yuko, na wewe mwenyewe ulikuwepo na sufuria mkononi. Hukusema. Leo ndiyo tukuamini, wewe unayewaweka watu ndani ya mwezi? Maji yakimwagika hayazoleki."

Nikakaa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeomba nipate jambo moja ambalo watu hawa wangeliamini, nami nikalipata, na sasa sikuweza kuwanyang'anya. Niliwachukia wote. Nilikichukia hata kile kiti nilichokalia.

Ndipo mama mdogo akaweka ungo chini. Hakuwatazama wazee, alinitazama mimi.

"Ni wewe uliyemwandika?"

"Ni mimi, mama mdogo."

"Hukuambiwa na mtu?"

"Hakuna aliyeniambia. Ni uzembe."

Akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Niliona mabega yake yakishuka, na nikajua kwamba pale mlangoni kulikuwa na mtu mmoja aliyeniamini. Nilidhani atalia. Badala yake akainuka, akajipangusa mikono kwenye leso, akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji, wewe unasema mtoto yupo."

"Yupo. Limesomwa."

"Na ni wa marehemu."

"Damu yake kabisa."

"Marehemu alikuwa na nyumba ngapi?"

Baba mkubwa akavua miwani. "Moja."

"Mtoto wa mwanamume mwenye nyumba moja ni wa nyumba gani?"

Kwetu nyumba ni mke, na hapo hapakuwa na pa kupitia. Kila mzee pale alijua jibu, kwa maana ndiyo sheria waliyoitumia miaka yote kuwabebesha wake zao watoto waliozaliwa nje: mtoto akishaingia bomani ana mama mmoja, mwenye nyumba. Yule mzee wa kompyuta ndiye aliyejibu, bila kufikiri. "Ni wako, omong'ina," akasema, neno letu la kumheshimu mama wa nyumba.

"Basi mimi ndiye mama yake," mama mdogo akasema. "Na majani ya mtoto aliye mbali huchumwa na mama yake. Akifika atanikuta humo shambani. Wewe, shemeji, umwombee tu safari njema."

Wanawake kwenye nyasi ndio walioanza kucheka, halafu wazee nao. Baba mkubwa alikunja kile kitabu cha mzee wa Itumbe akakitia mfukoni, sijui cha kazi gani. Wana wawili waliinua nyuso kutoka kwenye simu zao. Na mama mdogo alikuwa ameshaingia ndani, ametoka na kikapu mgongoni na vazi la nailoni kiunoni, anapanda kuelekea barabarani, mchana ule ule, kikao hakijafungwa kwa sala.

Nikamfuata. Nakiri kwamba nilitarajia shukrani, kidogo. Nilikuwa nimesema ukweli mbele ya wazee, nimechekwa. Nilimkuta kati ya mistari. Chai ilikuwa imepanda kwa kukosa kuchumwa wiki mbili, naye alikuwa ameulaza ufito wake juu ya miche, anachuma kinachozidi ufito kwa mikono miwili, majani mawili na ncha, majani mawili na ncha. Hakusimama.

"Mama mdogo, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa yule binti."

"Yule nimeshamzaa," akasema. "Ananisaidia kuliko hawa wawili wa Nairobi. Mimi swali langu ni lingine." Akatupa konzi ya majani kikapuni juu ya bega. "Mtoto ambaye hayupo ulimpa mstari mzima. Moyo wake, macho yetu. Uzuri mtupu. Mimi nimekaa na yule mtu miaka thelathini na minane. Nimemzalia, nimempandia hii chai, nimemwogesha mwaka mzima akiwa hawezi kugeuka kitandani. Umenipa maneno mawili. Mjane mpole." Sasa ndipo aliponitazama. "Nani alikuambia mimi ni mpole?"

Akahamisha ufito kwenye mche unaofuata na kuendelea na kazi. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu ya kusimama, nikashuka.

Jumatatu nilifika dukani kabla ya mwenye duka. Nilifungua wasifu wa baba mdogo nikasoma yale maneno mawili. Nikafungua wa mzee wa Itumbe. Ameacha mjane mpole. Nikarudi kwa mzee wa kabla yake, wa Nyamache, halafu aliyemtangulia, faili kwa faili, hadi yule wa kwanza kabisa niliyemwandika nilipoanza kazi. Mabinti walibadilika, wana waliongezeka na kupungua, makanisa yalikuwa tofauti. Mjane alikuwa yule yule. Nilikuwa nimewazika wazee kumi na tisa, wote wakimwacha mke mmoja, na hata huyo mmoja sikuwa nimemjua.